MITA 60 ZA UKINGO WA MTO, NA KALAMU ZETU

Ndugu wanachama,

Limo katika majalada yetu neno moja ambalo tumeliandika mara nyingi mno, hata limepoteza maana yake. Neno lenyewe ni "wameelimishwa." Barua za kuondoa mazao kandokando ya mito zipitazo mikononi mwetu huanza au huishia kwa neno hilo: wananchi wa kijiji fulani wameelimishwa juu ya mita 60, nao wamekubali. Mkubwa husoma, hutia sahihi, na jalada hurudi kabatini. Lakini sisi tulioandika twajua ya kuwa mara nyingi hapana aliyeelimishwa, wala hapana aliyeulizwa akakubali. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji siku ya Ijumaa, na Jumatatu vigingi vikapigwa. Basi leo twataka kusema juu ya neno hilo na juu ya kingo za mito ya Kilimanjaro. Tukisema kwa ukali, msituhesabu kuwa wasaliti wa kazi tuliyopewa. Twasema kwa sababu kalamu iliyoandika neno hilo ni yetu sisi.

Kwanza tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mto hauhitaji kulindwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli zilizo za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, nayo yaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za mto miongoni mwa ardhi ziwezazo kutangazwa kuwa za hatari. Na Katiba yetu, ibara ya 27, yamwagiza kila mtu kulinda maliasili ya nchi. Haya ni maneno mema. Aliyeiona masika ya mwaka 2024, ambayo kwa mafuriko yake iliua watu zaidi ya 150 katika nchi yetu, na Moshi isisalimike, hana haja ya kuhubiriwa kwamba mto ulionyang'anywa ukingo wake hurudi kuutafuta usiku.

Tena mito yetu haikomei Moshi. Karanga, Weruweru na Kikafu hushuka kuingia Kikuletwa. Rau na Himo huelekea Ruvu. Na maji hayo yote hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakawa Mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya New Pangani Falls, hata kufika Bahari ya Hindi. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba theluji ya Kibo ndiyo mama wa mito hii. Barafu ile ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007, na huo ni msiba wa macho na wa moyo. Lakini wataalamu wameonyesha ya kuwa sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito yatokana na mvua inyeshayo katika ukanda wa msitu, wala si theluji iyeyukayo kileleni. Maana yake ni kwamba uhai wa mto umo katika miti na udongo, yaani vitu ambavyo mkono wa binadamu huvigusa kila siku. Kwa hiyo ulinzi wapasa. Ugomvi wetu si juu ya kulinda. Ugomvi wetu ni juu ya namna ya kulinda.

Sasa tuchukue hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Ekari moja iliyo mraba ni kama mita 64 kila upande. Kihamba cha ekari moja kikiwa kimepakana na mto, toa mita 60. Zabaki mita 4, nazo ni njia ya kupitisha ng'ombe tu. Tena mlima wetu haukuumbwa kama uwanda wa kuchezea mpira. Umekatwa na makorongo, na kati ya korongo na korongo pana mgongo mwembamba, na juu ya migongo hiyo ndipo babu zetu walipoweka vihamba vyao. Mahali ambapo vijito viwili vimekaribiana kwa mita 120, kamba zikivutwa kutoka kila upande hukutana katikati ya sebule. Mtu wa mahali hapo haambiwi aache ukingo wa mto; aambiwa aache nyumba, kahawa, migomba na makaburi ya wazee wake.

Na kamba yenyewe hupimwaje? Kwenye mteremko wa nyuzi 45, mita 60 za kamba iliyolazwa juu ya ardhi ni kama mita 42 tu za ramani. Mpimaji mmoja huilaza kamba, mwingine huinyosha hewani, na majirani wawili wa mto mmoja hupata mipaka miwili. Mmoja huanza kupima katikati ya maji, mwingine mahali maji yanapofika wakati wa masika. Tena wako waliothubutu kupima mita 60 kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa jembe na babu wa mwenye shamba, kana kwamba ni mto ulioumbwa na Mungu. Kwa kipimo hicho, mahali ambapo mifongo hupita kila kihamba, hapana atakayebaki. Mkulima huyaona haya yote, akahesabu moyoni. Asiposema mbele ya mgambo, msidhani hakuona.

Tumekaa na wakulima, si kwa amri ya mkubwa, bali siku za Jumapili baada ya ibada na siku za msiba, kwa kuwa hao ni baba zetu na mama zetu na shemeji zetu. Hawana kauli moja, nasi twakosa tunapoandika "wananchi wanapinga" kana kwamba ni mtu mmoja.

Wako wakulima wa mlimani. Hao wasema kwamba ukingo wao si uchi. Umefungwa kwa magimbi na mabingobingo, na juu yake imesimama migomba na miringaringa. Majani hayo ndiyo chakula cha ng'ombe aliye bandani, na samadi ya ng'ombe ndiyo chakula cha migomba. Ukiyang'oa majani ya ukingoni, umemtoa ng'ombe. Ukimtoa ng'ombe, umeidhoofisha migomba. Kisha mama mwenye nyumba atashuka hadi nyikani kutafuta majani na kupanda nayo kichwani. Wauliza pia swali ambalo hatujapata kulijibu: mimi nikiondoka, nani atalinda? Ardhi isiyo na mwenyewe huwa ardhi ya mwizi. Leo wamtoa mwenye magimbi, kesho waja wachimba mchanga na wafyatua matofali, nao hawana kaburi la babu hapo la kuwaaibisha.

Wako wakulima wa chini. Mpango wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wa Wajapani, ukakamilika mwaka 1987, ili mashamba ya mpunga ya Mabogini, Chekereni na majirani wao yapate maji ya Njoro na Rau. Wenzao walio juu ya mifereji walipoona mpunga unalipa, nao wakafungua majaruba yao, na maji yakapungua kabla ya kufika kwa waliokusudiwa. Wakulima hao wa chini hawasemi kwamba sheria ni kali. Wasema kwamba imelala. Wasema watu wa juu wamewanywea maji yao, na serikali imetazama. Nao wana haki, na mtu wa mlimani asemaye kwamba mto ni wake peke yake amesahau ya kuwa maji hayana kabila.

Tena wako vijana wa pampu. Hawa hawana kihamba, maana kihamba cha baba kimegawanywa kwa watoto, na cha watoto kwa wajukuu, hata kimekuwa kama leso. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,861,934 katika mkoa huu, na mlima haukuongezeka hata shubiri moja. Basi kijana hukodi kipande bondeni, huweka pampu ya petroli, hulima nyanya na vitunguu wakati wa kiangazi, hukatua udongo hadi mdomoni pa maji, na jioni husuuza bomba la dawa katika mto ambao wengine huteka maji ya kunywa. Kazi hiyo ni mbaya kwa mto, na hatutaitetea. Lakini yeye hutujibu: mwanioneshea mahali pa kutoka, nionesheni na mahali pa kwenda.

Hayo matatu si maneno ya wajinga wanaongoja kuelimishwa. Ni maneno ya watu wanaoujua mto kuliko sisi tulioujua kwa ramani.

Yatupasa pia kukumbuka kwamba mlima huu ulikuwa na utawala wa maji kabla ya kuwa na ofisi ya maji. Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Moshi mwaka 1884, alistaajabia mifereji iliyozungushwa mlimani kwa ustadi mkubwa. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake. Palikuwa na siku ya kila ukoo kupata maji, na siku ya wote kutoka kusafisha mfereji, na aliyekosa kazi alitozwa. Masale yalipandwa kuonyesha mpaka, na aliyeyang'oa alijua amemgusa nani. Watu wale hawakuwa na mita, lakini walikuwa na mwiko, na mwiko hulala ukingoni usiku kucha, wakati mgambo amekwenda zake nyumbani. Hatusemi kwamba wazee hawakukosa kamwe, wala kwamba palikuwa hapana upendeleo. Twasema kwamba walikuwako. Na sheria yenyewe ya leo imewaachia mlango, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, yazitambua jumuiya za watumiaji maji. Mlango umefunguliwa na Bunge. Mbona sisi twaufunga ofisini?

Atakayeona kwamba amri yatosha bila watu, na aende akaiulize Nusu Maili. Mwaka 1941 ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili ulitengwa juu ya vihamba, ili wananchi wapate humo kuni, nguzo na majani, nalo Baraza la Wachagga likausimamia. Baada ya Uhuru ukanda ule ukapita kutoka ofisi moja hadi nyingine, na katika kupitapita huko miti ikakatwa sana, maana cha wote kilikuwa kimekuwa si cha mtu. Mwaka 2005 msitu pamoja na Nusu Maili yake ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Huenda msitu umepata nafuu. Lakini mama aliyekuwa akikata majani huko kwa ruhusa, sasa akikutwa ni mhalifu, na mzigo wote wa kuni na majani ambao Nusu Maili iliubeba umeshushwa juu ya nini? Umeshushwa juu ya kingo za mito. Nasi leo twashangaa kwamba kingo zachoka.

Au aende Uluguru. Huko Serikali ya kikoloni iliwaamuru watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa njema, lakini udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na matuta yakaleta juu udongo usio na rutuba. Watu wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea na mtu akauawa, na mpango ukafa, na kwa muda mrefu neno "matuta" likawa neno chungu midomoni mwa watu. Tusilifanye neno "mita 60" kuwa hivyo. Mto utakuwa na hasara kuliko mtu yeyote.

Sasa tufike mahali panapouma. Mmoja wa sisi tuandikao haya alitumwa bondeni kuandika orodha ya watakaoondolewa. Akamkuta mama mzee mwenye magimbi na migomba michache, akaliandika jina lake. Mama akamtazama, akamjua kuwa ni mtoto wa jirani, akamwambia, "Mwanangu, umefanya vema kuandika. Sasa geuka uandike na ng'ambo." Ng'ambo ya mto palikuwa na shamba kubwa la nyanya, lenye pampu mbili, lililolimwa hadi majini. Mwenyewe ni mtu wa ofisi, mwenye cheo kuliko mwandishi. Mwenzetu akafunga daftari. Magimbi yakafyekwa wiki ile ile. Nyanya zikavunwa, zikapandwa tena. Na katika jalada, kwa mwandiko wa mwenzetu, imeandikwa: wananchi wameelimishwa.

Ndugu zetu, ni wangapi kati yetu wenye kipande bondeni kilichokodishwa kwa jina la mdogo wetu? Ni wangapi tuliojenga nyumba kando ya mto mjini, ukuta ukigusa maji, tukijua kwamba alama nyekundu ya X itapakwa kwanza kwenye kibanda cha muuza mboga? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkulima hachukii mita 60. Achukia mita 60 zinazokuwa 60 kwake na sifuri kwa karani. Akiisha kuona hivyo mara moja, sheria yote imekufa machoni pake, na usiku atarudi na jembe lake bila haya, kwa kuwa haya ni jambo la watu wanaotendewa sawa.

Twajua jibu la wakubwa wetu. Watasema: mkianza kusikiliza kila mtu, mto utakauka mkiwa mkutanoni, mchelea mwana kulia hulia yeye. Jibu hilo lina uzito, wala hatulidharau. Yako mambo yasiyongoja mkutano: sumu majini, nyumba ya zege mdomoni pa mto, pampu zinyonyazo kijito hata kikauka, tanuri la matofali. Hayo yazuiliwe leo. Lakini kifungu kile kile cha 57 chasema shughuli za kudumu, au zenye kudhuru. Tena chamruhusu Waziri kuweka mwongozo wa shughuli ziwezazo kufanyika ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo sheria yenyewe yajua kupambanua. Zege si sawa na majani ya ng'ombe, wala nyanya zenye dawa si sawa na magimbi chini ya mringaringa. Asiyepambanua ni yule mwenye haraka ya kufunga jalada.

Basi twawaomba wanachama wote wayatafakari mambo manne haya, nasi tutayaleta mbele ya mkutano wa chama.

La kwanza, kamba isivutwe kabla ya baraza kukaa, tena likae mtoni, si ofisini. Wawepo wazee wa mfongo, wanawake wakatao majani, vijana wa pampu, na wajumbe wa wakulima wa chini, wapate kusikiana. Karani aandike yaliyosemwa, pamoja na yaliyopingwa.

La pili, kila atakiwaye kuondoka apewe barua ya Kiswahili yenye jina lake, kifungu cha sheria, mahali kipimo kilipoanzia, na muda aliopewa, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko. Barua isiyo na mambo hayo tusiipige chapa.

La tatu, ukingo upandwe kabla ya kung'olewa. Mikaratusi inayonyonya vijito iondolewe kidogo kidogo, na miche ya miti ya asili itolewe bure na bwana misitu. Mabingobingo yaachwe yashike udongo, na anayeyakata awe ndiye mlinzi wa sehemu ile, aandikwe hivyo. Palipo na mazao ya kukatua kila msimu, mkulima apewe misimu ya kuyahamisha, si siku saba.

La nne, tuanze na sisi wenyewe. Mwanachama mwenye kipande ndani ya mita 60 akitangaze mkutanoni na kukiacha kwanza, kabla hajaandika jina la mtu mwingine. Jambo hili halihitaji amri ya Waziri wala fungu la fedha.

Hatujui kama wakubwa wataridhika na maneno haya. Lakini tuliposoma shule za misheni, wazazi waliotulipia ada walilipa kwa kahawa na ndizi za vihamba hivi, na kwa maziwa ya ng'ombe aliyelishwa majani ya ukingo huu. Hawakutusomesha ili tuwaandikie neno ambalo hawakulisema. Tukiwa watumishi wa Serikali, tu watumishi wa sheria yote, si wa nusu yake iliyo rahisi kuitimiza juu ya mnyonge.

Tangu sasa, kabla ya kuandika "wameelimishwa," kila mmoja wetu ajiulize mambo mawili: nani alifundisha, na nani alisikilizwa? Akikosa jibu, na aandike kwa unyofu: "Hawajaulizwa bado." Jalada hilo halitampendeza mkubwa siku ile. Lakini litakuwa jalada la kweli, na mto utalindwa na watu walioulizwa, mchana na usiku, hata baada ya sisi kustaafu.

Ni sisi wenzenu, washika kalamu wa Moshi.